Malkia wa London, Mtemi wa Ntuzu

Kwa mwaka mmoja, tangu tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962, mkulima wa pamba wa Bariadi alikuwa raia wa nchi huru yenye malkia. Elizabeth wa Pili alikuwa Malkia wa Tanganyika kwa katiba ileile iliyomkuta Julius Nyerere kwenye uwaziri mkuu. Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana, alibaki Dar es Salaam kama Gavana Mkuu akimwakilisha malkia. Kisha Jamhuri ikatangazwa na malkia akatoka kwenye katiba. Haikupita muda, kiti kingine nacho kikaondolewa: mwanzoni mwa 1963 utemi ulifutwa kwa sheria, na Ntuzu, Itilima, Kanadi, Mwagala na himaya nyingine za eneo ambalo leo tunaliita Mkoa wa Simiyu zikabaki majina ya mahali.

Viti hivyo viwili viliondoka karibu pamoja, lakini havikuondoka kwa heshima sawa. Malkia aliagwa vizuri, na Julai 1979 alirudi Tanzania akapokewa na Nyerere yuleyule kama mgeni wa taifa. Watemi wengi waliondoka huku wakilaumiwa, na wazee wetu wengi walipumua walipoona mamlaka hayo yamekwisha. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya kuuliza kwa nini ikawa hivyo. Hoja yangu ni kwamba malkia alidumu kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeondolewa amri, na mtemi alianguka kwa sababu chake kilijazwa amri za watu wengine.

Tumwangalie kwanza malkia. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926, na hakuna aliyetarajia kwamba angetawala, hadi baba yake mkubwa, Edward wa Nane, alipojiuzulu Desemba 1936 na taji likamwangukia baba yake. Utawala wake ulianzia kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 6 Februari 1952 alikuwa Kenya, amelala Treetops karibu na Nyeri kutazama wanyama, baba yake alipofariki Sandringham, Uingereza. Alikuwa na miaka 25. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 8 Septemba 2022 alifanya kazi na mawaziri wakuu 15 wa Uingereza, Winston Churchill akiwa wa kwanza na Liz Truss wa mwisho. Miaka 70 ni mingi, na katika miaka yote hiyo walioamua mambo ya nchi walikuwa mawaziri.

Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hadi 1603, alikuwa mtawala wa namna nyingine kabisa. Huyo aliamua mwenyewe juu ya vita na dini, na mwaka 1587 alitia saini hati iliyomkata kichwa binamu yake Mary, malkia wa Scotland. Nguvu yake ilikuwa na damu mkononi. Kati ya Elizabeth hao wawili, Waingereza walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakamkata kichwa mfalme mmoja mwaka 1649, wakamfukuza mwingine mwaka 1688, na polepole wakakihamishia amri kitu kinachoitwa bunge. Kilichobaki kwa mfalme ni heshima, na heshima isiyokusanya kodi haichakai upesi.

Sasa tuje Usukuma. Ntemi wa zamani hakuwa mfalme wa kufanya apendavyo. Banang'oma, wazee wa baraza la himaya, ndio waliomchagua, wakimtafuta katika ukoo wa kitemi kwa upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yake mtemi alikuwa na nafasi kuliko mtoto wa kumzaa. Mvua ilikuwa dhamana yake. Mvua ikikatika, njaa ikiingia, waliomweka waliweza kumwondoa. Chini yake walikuwapo wanangwa, wakuu wa vijiji, na pembeni yao vijana na kiongozi wao, nsumba ntale, ambao mtemi hakuweza kuwapuuza maana ndio waliokuwa mikono ya kijiji. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliandika kitabu kizima juu ya ibada za kumweka ntemi, kikatoka mwaka 1951. Cha pili, juu ya sheria na mila za Wasukuma, kilitoka 1953, mwaka uleule Elizabeth alipovishwa taji. Vitabu hivyo ni vya afisa wa serikali na vinapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini anayevisoma ataona mtemi aliyefungwa na watu wake kila upande.

Waingereza walimfungua vifungo hivyo, wakamfunga vingine. Baada ya kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani waliamua kutawala kupitia watemi. Amri ilitoka kwa gavana Dar es Salaam, ikapita kwa mkuu wa jimbo Mwanza, ikafika kwa bwana shauri wa Maswa, ikaishia kwa mtemi na wanangwa wake. Mtemi akawa mtu wa mshahara. Akakusanya kodi, akaendesha mahakama ya wenyeji, akatoza faini. Aliyeweza kumwondoa sasa alikuwa bomani, si banang'oma.

Uzito wa jambo hilo ulionekana baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na shirikisho la watemi likawekwa makao yake Malya. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa na nia njema: kuokoa udongo, kupunguza mifugo, kufungua ardhi mpya upande wa mashariki, ambako ndiko Bariadi. Shambani ulikuja kama orodha ya makosa. Usipolima matuta yaliyofungwa kwa kingo za kuzuia maji, faini. Usipopanda mihogo ya kinga ya njaa, faini. Ng'ombe wapunguzwe kwa kuuzwa. Na aliyesimama mbele ya mkulima akimsomea amri hizo hakuwa Elizabeth, wala gavana, wala bwana shauri. Alikuwa mtemi, mtu ambaye babu wa mkulima huyo alimtegemea kwa mvua.

Hapo ndipo utemi ulipovunjika, miaka kadhaa kabla ya sheria ya 1963 kuandikwa. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ilikataa kusajili matawi yake katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Watu walipitia ushirika. Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima wa pamba, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walitembea hadi Mwanza kupinga baraza jipya walilolazimishwa, na kabla ya mwaka huo kwisha serikali ilikuwa inazirudisha nyuma sheria zake za kilimo cha lazima. Ugomvi huo haukumlenga malkia. Mikono yake ilikuwa safi kwa sababu mikono ya mtemi ilikuwa imechafuliwa kwa niaba yake.

Nasisitiza hili kwa sababu simulizi za malkia zinazotufikia huja na mapambo. Tunaambiwa habari za almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui Oktoba 1947, yenye karati 54.5 kabla ya kuchongwa, ambayo John Williamson, mwenye mgodi huo wa Mwadui, alimzawadia binti mfalme aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata. Ilichongwa ikawa karati 23.6, ikatiwa kwenye bruchi ya umbo la ua, naye aliivaa kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Mwadui ni jirani wa Maswa, na ni haki yetu kuijua habari hiyo. Lakini malkia aliyefika kwenye kaya za Ntuzu alikuwa kwenye noti. Mkulima alipopima pamba yake alilipwa fedha za Afrika Mashariki zenye sura ya Elizabeth, na sehemu ya fedha hizohizo ilirudi bomani kama kodi. Noti zenye sura yake zilikuwa bado mikononi mwa watu Jamhuri ilipokwisha kutangazwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa noti zake mwaka 1966.

Je, serikali ilikosea kufuta utemi? Kwa upande wa utawala sioni kosa. Nchi isingeweza kujengwa juu ya mahakama ambazo wananchi walizijua kwa faini. Hasara ilikuwa kwamba tulifukia yote mawili kwa pamoja: karani wa kodi aliyetengenezwa na mkoloni, na ntemi wa zamani aliyewajibika kwa banang'oma. Kizazi cha sasa kinamjua wa kwanza kwa masimulizi ya uchungu, na wa pili hakimjui kabisa.

Septemba 2021, Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Mwaka mmoja baadaye alikuwa London kwenye mazishi ya Elizabeth. Cheo alichopewa Kisesa hakina askari wala faini, na ndiyo maana kilipokewa kwa ngoma. Nadhani Usukuma umeanza kukirudishia kiti cha zamani heshima yake kwa njia ileile Waingereza waliyopitia, ya kukitenga na amri. Basi tufanye hivyo kwa ujuzi. Wazee waliohudhuria mabaraza ya watemi wa Maswa wakiwa vijana wanazidi kupungua, na karatasi zao zinaliwa na mchwa.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wa Bariadi, Itilima, Meatu, Maswa na Busega: mwenye stakabadhi ya kodi ya miaka ya 1950, hukumu ya mahakama ya wenyeji, picha ya baraza au mzee aliye tayari kusimulia, atuletee habari. Karatasi tutanakili na kumrudishia mwenyewe. Mzee tutamfuata nyumbani.