Kabla Hujauza Ng'ombe Kusomea Digrii Nyingine

Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, swali ninaloulizwa zaidi halihusu mbegu wala viwavijeshi. Ni hili: "Shikamoo bwana shamba, nirudi chuo nikasome digrii nyingine?" Wanaouliza ni vijana wa Kahama, Msalala, Nyang'hwale mpaka Geita mjini. Walimaliza sosholojia, utawala au maendeleo ya jamii, wakakaa nyumbani miaka miwili mitatu wakiangalia magari ya mgodi yakipita. Sasa wanataka uhandisi wa migodi, au kilimo. Na mzee amekubali kutoa ng'ombe.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii uzamili, ambao mtaani ndio unaoitwa digrii ya pili. Nazungumzia kuanza upya mwaka wa kwanza, ukiwa na shahada nyingine kabatini.

Maoni yangu ni kwamba wengi wenu msiende.

Anza na hesabu ya zizi. Kama Bodi ya Mikopo ilikusomesha shahada ya kwanza, usitegemee ikusomeshe tena shahada nyingine ya ngazi ileile. Na deni la zamani linakusubiri: ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo gharama yote ni ya nyumbani. Tuseme ada, chumba na chakula ni milioni 3 kwa mwaka. Uhandisi ni miaka 4, jumla milioni 12. Tuseme ng'ombe mmoja anauzwa laki 8: hao ni ng'ombe 15. Mwenye kufuga anajua hasara haiishii kwenye 15, maana majike yangezaa miaka yote hiyo, na madume ndiyo yanayovuta plau. Mpunga utalimwa na nini? Wadogo zako wanaofuata watasomeshwa na zizi lipi? Ukae na mzee, na mama pia awepo, mziseme namba hizi kwa sauti kabla mnunuzi hajaja.

Halafu angalia kazi yenyewe. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza kuzalisha mwaka 2009, na 2021 uzalishaji ukaisha. Aliyeingia chuo 2018 kwa kozi ya miaka 4 akiutegemea mgodi ule, alihitimu ukiwa umeshafungwa. Geita bado inachimba, Bulyanhulu pia, sisemi hakuna kazi. Nasema soma matangazo ya ajira kumi ya karibuni, uandike pembeni kila moja linataka nini hasa. Utakuta kazi za kuendesha mitambo, umeme na uchomeleaji ambazo cheti cha VETA na leseni ndivyo vinavyofungua mlango. Na kama unachotaka ni dhahabu yenyewe, leseni ya uchimbaji mdogo haiulizi shahada. Wenye maduara na makarasha unaowaona wamejenga, wengi hawakupita chuo kikuu.

Wapo ambao nitawaambia nendeni. Kuna kazi ambazo sheria inataka shahada yake na si nyingine: huwezi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi ukiwa na sosholojia, wala kuwa daktari wa mifugo bila shahada ya tiba ya wanyama, ambayo pale SUA ni miaka 5. Kama hiyo ndiyo kazi unayoitaka toka moyoni, una masomo ya sayansi yanayokubalika na pesa ipo bila kumaliza zizi, njia nyingine hakuna.

Anayetaka ualimu, na masomo ya shahada yake yanafundishwa sekondari, aulizie stashahada ya uzamili ya ualimu. Ni mwaka mmoja tu.

Sasa nyie wa kilimo na mifugo, hapa ndipo mnaponikasirikia. Serikali huajiri maafisa ugani wenye cheti na wenye stashahada pia, si wenye shahada peke yao. Ukiwa na ufaulu wa sayansi kidato cha nne, kuna chuo cha kilimo Ukiriguru na LITA Mabuki, vyote Misungwi, karibu na nyumbani. Kijana mmoja wa Kahama nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Bwana shamba, watu watanicheka, mwenye digrii kusoma diploma." Nilimuuliza hao wanaocheka watachangia ng'ombe wangapi kati ya wale 15. Akacheka, ila najua haikumwisha.

Aibu hiyo naielewa. Mlifanyiwa sherehe, picha ya joho iko ukutani. Lakini mkulima mwenye viwavijeshi kwenye mahindi anataka ajue dawa ipi na kipimo gani. Sijawahi kuulizwa GPA shambani.

Ukiwa bado unasita, msimu huu lima ekari moja ya mpunga au choroko kwa mkono wako, au ufanye kazi miezi mitatu kwenye karasha la mtu unayemfahamu, ukiwa mwangalifu na zebaki. Ukimaliza, njoo ofisini na daftari lako la matumizi tukae tuzungumze kozi.