Koluna Kubwa za Nyumbani: Mwenyewe Asema Nini, Jirani Asikia Nini?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo moja linalozungumzwa sana siku hizi katika miji yetu ya pwani, toka Palma mpaka Pemba. Jambo lenyewe ni zile spika kubwa za kusimama sakafuni, zinazomfikia mtu mzima kifuani, ambazo watu hununua na kuziweka katika chumba cha wageni. Ndugu zetu wa Mtwara huziita spika. Sisi huku, kwa kuwa tumechanganya na Kireno, twaziita koluna, na neno hilo katika Kireno maana yake ni nguzo. Jina lafaa sana, maana zasimama kama nguzo, na wenyewe wazitegemea kama nguzo ya heshima yao.

Sikupenda kusema kwa kukisia. Kwa hiyo wakati wa likizo nilizungumza na watu wanne wenye koluna, nikawauliza: Je, mwapenda nini katika kitu hiki, na mwaona kasoro gani? Majina yao siyataji, bali maneno yao nitayaeleza kwa uaminifu.

Wa kwanza ni mwenye duka. Yeye alisema kuwa koluna ni heshima ya nyumba. Mgeni akiingia, hata hajakaribishwa kiti, amekwisha kuziona. Akaniambia pia kwa fahari kwamba zake ni za wati 1,000, na kwamba za jirani yake ni za wati 500 tu, kwa hiyo zake ni bora mara mbili.

Wa pili ni fundi wa mashua, mtu mpole apendaye taarabu. Yeye hajali wati. Alisema kuwa akisikiliza muziki katika simu, fidla na ngoma na sauti ya mwimbaji vyote hulia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Lakini katika koluna kubwa kila chombo hukaa mahali pake, na ngoma huipata kifuani, si masikioni tu. Asema hiyo ndiyo starehe yake baada ya kutwa nzima ya randa na msumari.

Wa tatu ni mama mmoja anayekodisha koluna zake kwa harusi. Kwake yeye koluna ni jembe. Zimemlipia sare na madaftari ya watoto. Kasoro anazozijua ni za pwani: unyevu huvimbisha ubao wa sanduku, chumvi hula vyuma na viungo vya waya, na lile povu laini linalozunguka karatasi ya spika huoza baada ya miaka kadhaa. Alinishauri kwamba mtu akinunua iliyotumika, alibonyeze povu lile kwa kidole kwanza, likibomoka, aiache.

Wa nne ni mvuvi, na maneno yake ndiyo yaliyonikaa moyoni. Alisema hivi: "Miaka ile ya kukimbia, kila nilipotaka kununua kitu nilijiuliza kwanza, je, nitaweza kukibeba kichwani? Basi nikawa na sufuria, mkeka na simu. Sasa nimenunua kitu kisichobebeka. Anayetaka kujua kama nimerudi kwa kweli, na aje akitazame."

Ndugu msomaji, mtu asije akayacheka maneno hayo. Sote twajua yaliyotupata. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji ule uliangukia mikononi mwa wenye silaha, ukakombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na watu wakatawanyika, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu porini. Mtu aliyepitia hayo, akaja akasimamisha sanduku zito katika nyumba yake na kufungulia muziki, asema kwa sauti ile kuwa yupo hai na yupo kwao. Mimi simlaumu hata kidogo.

Hata hivyo, nilipokuwa nikiyawaza majibu ya wale wanne niliona kwamba wote walinieleza kinachosikika ndani ya nyumba. Hakuna aliyenieleza kinachosikika nje. Basi nikaenda kuwauliza majirani zao.

Majirani walinijibu karibu kwa neno moja. Walisema kwamba wao hawasikii muziki. Wasikia ndu, ndu, ndu, usiku kucha. Bibi mmoja alisema: "Mjukuu wangu, laiti ningeusikia huo wimbo wenyewe, labda ningeupenda." Vikombe vyake vyatetemeka kabatini, lakini hajui hata ni wimbo wa lugha gani unaopigwa.

Kwanza nilidhani wazee wanatia chumvi. Lakini nilipofungua kitabu cha fizikia niliona kuwa wasema kweli tupu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Sauti nyembamba ya mitetemo 4,000 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa sentimita 8 na nusu tu, na wimbi dogo namna hiyo huzuiwa na ukuta, mlango, hata pazia zito hulipunguza. Sauti nzito ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la mita 8 na nusu, yaani refu kuliko vyumba vyetu vingi. Hilo hupita katika ukuta wa udongo na paa la makuti au bati bila taabu. Na matamshi ya mwimbaji hutegemea zaidi zile sauti nyembamba. Kwa hiyo utamu hubaki ndani pamoja na mwenye koluna, na kishindo humwendea jirani.

Hapa ndipo penye shauri langu lote. Mwenye koluna na jirani yake hawagombani kwa sababu mmoja ni mkorofi na mwingine ana wivu. Wagombana kwa sababu wasikia vitu viwili mbalimbali toka katika sanduku moja. Tena kile hasa alichokilipia mwenyewe, yaani sauti nzito ya sanduku kubwa, ndicho kile kile kinachopita ukutani. Mtu akinunua kiti kizuri, kiti hukaa kwake. Akinunua koluna, nusu ya koluna hiyo yahamia kwa jirani siku ile ile, ijapokuwa jirani hakuulizwa wala hakutoa hata metikali moja. Basi mtu akitaka kujua kama koluna fulani ni nzuri, haitoshi kumwuliza mwenye nayo. Sharti amwulize na wa nyumba ya pili.

Na katika nchi yetu hii jambo hili si la usingizi tu. Katika miaka ya hofu tulijifunza kwamba sikio ndilo mlinzi wa usiku. Mbwa akibweka namna isiyo ya kawaida, miguu ikikimbia uchochoroni, mtu akiita jina la mwenzake kwa sauti ya woga, hizo ndizo zilizokuwa habari zetu za kwanza, kabla ya simu. Watu wengi waliokoka kwa kusikia mapema. Hata baada ya Palma na Mocímboa da Praia kurudiwa, mashambulizi yaliendelea katika wilaya nyingine za mkoa, na masikio ya watu hayajasahau. Mtu akifungulia kishindo saa sita za usiku amewaziba masikio jirani zake wote. Mzee hulala macho wazi, si kwa sababu ya kelele, bali kwa sababu hasikii kilicho nyuma ya kelele. Wenye koluna wafikiri hayo kwa makini. Ongeza na mgonjwa, na mzazi mwenye mtoto mchanga, na sisi wanafunzi wa Darasa la 12 ambao wengi wetu tulipoteza miaka ya masomo kwa kukimbia na sasa twasoma usiku ili kuifidia.

Najua watu watanijibu: "Mbona ngoma za mapiko husikika mbali usiku kucha, na tufo pia, wala husemi neno?" Swali hilo ni zuri. Jibu langu ni kwamba ngoma ina siku yake. Watu hujua mapema ni lini, ni ya jando, arusi au sikukuu, na jirani amealikwa kucheza na kula. Asiyependa huvumilia, maana kesho kutakuwa kimya. Koluna haina siku. Yaweza kuanza Jumanne bila sababu, na jirani hakualikwa ila masikio yake tu. Yule mama wa kukodisha alilielewa hili kuliko wote. Asema kabla ya harusi hutuma mtoto nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu, na tangu aanze desturi hiyo hajapata malalamiko.

Sasa turudi kwa mwenye duka na wati zake 1,000. Nasikitika kumwambia kuwa hesabu yake si sawa. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, nayo ni nyongeza ndogo. Ili sikio lione kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, zahitajiwa wati karibu mara 10. Katika koluna ya kawaida wati 1 yatosha kutoa sauti ya desibeli 85 hadi 90 kwa mtu aliye mita 1 mbele yake. Shirika la Afya Duniani lashauri kuwa sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma, na ya desibeli 90 isizidi saa 4 kwa juma, ili masikio yasidhurike. Kwa hiyo, ndani ya chumba chetu kidogo, wati nyingi za mwenye duka hukaa bure. Tena zile namba kubwa zenye herufi PMPO zilizobandikwa juu ya masanduku hutiwa chuku na wauzaji. Mtu asizihesabu kama wati za kweli.

Wala ukubwa wa sanduku si kila kitu. Mwaka 1954 Mmarekani aitwaye Edgar Villchur alionyesha kwamba sanduku dogo, likifungwa vizuri pasipo hewa kupita, laweza kutoa sauti nzito iliyowashangaza wenye masanduku makubwa wa wakati wake. Nasi hapa tuna ushahidi wetu. Vita vya ukombozi vilipoanza huko Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na katika miaka iliyofuata, wazee wetu walisikiliza matangazo ya FRELIMO yaliyotoka Dar es Salaam. Redio zao zilikuwa ndogo, na sauti hupunguzwa kwa kuogopa wakoloni. Hata hivyo maneno yale yalisikika kuliko kishindo chochote.

Kwa kuwa si vema kulaumu bila kuonyesha njia, natoa mashauri machache kwa wenye koluna:

1. Usiiweke pembeni ambapo kuta mbili zakutana, wala usiibane ukutani. Hapo sauti nzito huzidi na kuvurugika. Ivute mbele kidogo. Wewe mwenyewe utasikia nyimbo vizuri zaidi, na ukuta wa jirani utapumzika.

2. Weka kipande cha mpira chini yake ili mtetemo usiingie moja kwa moja sakafuni.

3. Isogelee. Kukaa karibu hakuna gharama, na hukupa sauti nyingi bila kuongeza wati.

4. Usiku punguza ile sauti nzito peke yake. Wimbo utabaki, kishindo kitaondoka.

5. Kabla ya sherehe, waarifu majirani, na waambie saa ya kuzima. Kisha zima saa hiyo.

6. Siku moja mwache mtoto wako afungulie muziki kama uupendavyo, nawe nenda ukaketi nyumbani kwa jirani kwa nusu saa. Shauri hili ndilo kubwa kuliko yote.

Wengine wataka serikali itie mkono. Kenya, kwa mfano, ilitunga kanuni za kuzuia kelele zilizopita kiasi mwaka 2009. Sipingi sheria, lakini polisi akija, ujirani umekwisha kuvunjika. Sisi ambao tumepoteza majirani wengi, waliokufa na wasiorudi, hatuna majirani wa kugombana nao. Afadhali kijana aende kwa adabu, abishe hodi, aseme, "Shikamoo baba, twaomba utupunguzie kidogo," na baba apunguze.

Kwa yule mvuvi nina neno la mwisho. Baba, umesema koluna yako ni ushahidi kwamba umerudi. Ni kweli, nasi twafurahi. Lakini mtu hurudi kwa watu, harudi kwenye kuta tupu. Jirani yako naye amerudi, naye ataka ushahidi wake, na ushahidi wake ni kulala usiku mmoja bila kushtuka. Wahenga walisema, ngoma ikilia sana hupasuka. Koluna za siku hizi ni imara, huenda zisipasuke. Kinachopasuka ni mtaa.

Wasalaam.

Mwanafunzi, Darasa la 12