Kabla Hujaifungulia Pikapu Pua

Mniwie radhi wasomaji, kwa wiki mbili blogu imelala. Safari hii si programu iliyonichelewesha, ni pikapu.

Ndugu yangu mkubwa ana Hilux ya dizeli yenye turbo. Ndiyo hubeba mahindi na maziwa kutoka hapa Endebess hadi Kitale, na ndiyo hulipa karo ya wanawe. Sasa kuna muuzaji amemwonyesha filta ya pamba iliyopakwa mafuta, umbo la koni, na bomba lake la kung'aa. Bei inakaribia magunia kumi ya mahindi! Hoja yake: huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ifunguliwe pua.

Nusu yake ni kweli. Tuko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa limepungua kwa takriban moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Hizo ni kama kilopaskali 20. Filta safi ya karatasi huongeza hasara ya kilopaskali chache tu. Hata ukiing'oa kabisa, Mlima Elgon haushuki. Isitoshe, turbo tayari inasukuma hewa, na nguvu ya dizeli hutegemea mafuta yanayoruhusiwa na kompyuta ya injini. Sisi waandika programu tunalijua kosa hili: kuharakisha sehemu ambayo haikuwa inachelewesha chochote.

Mimi naogopa vumbi. Wakati wa kiangazi, ukifuata trekta kwenye njia za mashambani, huoni hata taa zake. Chembe hizo hukwangua ringi, silinda na mapanga ya turbo kama msasa. Filta hupimwa kwa kanuni ya ISO 5011, na katika vipimo vya namna hiyo pamba hupitisha hewa kwa urahisi, lakini kwa kawaida hupitisha vumbi zaidi pia. Koni ikikaa wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto ya redieta, ambayo ni nyepesi zaidi. (Muuzaji hakuligusia hilo.)

Kama pesa lazima zitumike, mimi ningenunua snokeli yenye kichwa kinachozungusha hewa na kutupa vumbi zito nje, kama kile cha trekta. Boksi la kiwandani libaki, na filta iwe ya karatasi, halisi. Na tafadhali, tuache kuipuliza kwa kompresa ya kujazia magurudumu, karatasi huchanika.

Kaka aliniambia nikae na kompyuta zangu. Jana nilifungua hosi mbele yake, upande wa baada ya filta, nikapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka chekundu. Klampu ilikuwa imelegea, sijui tangu lini. Ameinunua mpya, na muuzaji bado hajapigiwa simu.