Kona ya Mwalimu: Nyaya tatu za njia panda ya reli



Kisha mkutano wa likelemba wa juma lililopita, mama mmoja wa Katuba alinivuta pembeni. Shemeji yake aliye Ubelgiji amewatumia sanduku: treni ndogo ya kuchezea, reli zake, transfo, na vipande vinne vya reli vinavyogawanyika njia mbili, kila kipande na nyaya tatu zinazoning'inia. Wavulana walifunga nyaya hizo kama walivyoona wao. Njia panda ya kwanza ikapiga "tak!", ikageuka vizuri, wakapiga makofi. Muda kidogo, harufu ya plastiki inayoungua, halafu moshi. Baba wa nyumba anasema sanduku liende sokoni. Binti yao, anayesoma umeme katika shule ya ufundi, anasema linatengenezeka, lakini kaka zake hawataki aguse, eti nyaya si kazi ya wasichana. Mama akaniuliza: nani ana haki?

Binti ndiye ana haki. Na kwa kuwa masanduku ya namna hii yanafika kwetu mara nyingi, kwa mkono wa ndugu walio Ulaya ao kati ya vitu vya Ulaya vinavyomwagwa sokoni, nimeona afadhali nijibu kwa wote. Mimi nafundisha fizika, na fizika inayohitajiwa hapa watoto wenu wa sekondari wanayo tayari katika daftari zao.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa njia panda ya reli ni kitu gani. Treni inayotoka Lubumbashi inapita Likasi, inafika Tenke, na pale reli inagawanyika: moja inapanda Bukama na Kamina, nyingine inashika Kolwezi mpaka Dilolo, mpakani mwa Angola. Anayechagua njia si dereva, maana dereva wa treni hana usukani. Zinazochagua ni ndimi mbili za chuma, zilizochongwa nyembamba mwishoni, zinazosogea pamoja upande wa kushoto ao wa kuume. Wazee waliofanya kazi ya reli watawaeleza namna ndimi hizo zinavyosukumwa kwa mkono mrefu wa chuma wenye uzito. Katika treni ya kuchezea, ndimi ni ndogo kama kibiriti, na anayezisukuma ni umeme.

(Neno kidogo kwa watoto wanaopenda vipimo. Treni nyingi za masanduku haya zimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimeta 16,5, kwa sababu reli za Ulaya zina upana wa milimeta 1 435. Reli yetu hapa ina milimeta 1 067. Wagawe kwa 87 waone reli ya Katanga ingekuwa na upana gani mezani.)

Chini ya njia panda, ao kando yake, kuna kisanduku chembamba. Ndani yake mna bobini mbili, yaani nyuzi za shaba nyembamba zilizozungushwa mara nyingi sana, na kati yao kijiti cha chuma. Umeme ukipita katika bobini ya kushoto, bobini inakuwa sumaku na kuvuta kijiti kwake, na kijiti kinavuta ndimi. Ukipita katika bobini ya kuume, kijiti kinarudi. Ndiyo sababu kuna nyaya tatu: mmoja wa bobini ya kushoto, mmoja wa bobini ya kuume, na mmoja wa pamoja ambao zote mbili zinautumia kurudisha umeme.

Kujua upi ni wa pamoja ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye kipimo cha fundi wa radio, kile chenye sindano nyekundu na nyeusi. Anakiweka kwenye omu, kisha anapima nyaya mbili mbili. Tuseme jozi mbili zinatoa omu 8, na jozi ya tatu inatoa 16. Jozi ya 16 ni ncha za bobini zote mbili zikifuatana. Basi waya uliobaki nje ya jozi hiyo ndio wa pamoja. Ikiwa bobini moja haitoi kitu kabisa, ao inatoa namba ndogo sana kuliko mwenzake, bobini hiyo imekwisha kuungua. Wenye sanduku la Märklin, ile fabrika ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1859, kwa kawaida wataona waya mmoja wa njano na miwili ya buluu: wa njano ndio wa pamoja. Lakini sanduku lililopita mikono ya watu wengi linaweza kuwa limebadilishwa nyaya, kwa hiyo wapime tu.

Sasa ule moshi. Wavulana walitumia swichi ya taa ya nyumba, ile inayobaki pale ulipoiacha. Hapo ndipo palipo shida yote. Bobini hizi zimetengenezwa zipokee umeme kwa kitambo cha kupiga kope, si zaidi. Mtu hodari anaweza kuinua gunia la makala na kulipandisha kwenye kinga. Mwambie asimame nalo kichwani mpaka jua litue, ataanguka. Tufanye hesabu: volti 16 zikigawanywa kwa omu 8 ni ampere 2, na volti 16 mara ampere 2 ni wati 32. Chuma cha fundi wa radio cha kuyeyusha risasi kina wati karibu 30. Basi kuacha swichi imewashwa ni sawa na kuficha chuma hicho ndani ya kisanduku cha plastiki, na watoto wetu wanachezea wapi? Juu ya mkeka, karibu na godoro na mapazia. Ndimi zimekwisha kugeuka, hakuna tena kelele, kila mtu anaangalia treni, na chini yake moto unajikusanya kimya.

Kwa hiyo swichi ya taa hapana. Kinachotakiwa ni kitufe cha kengele ya mlango, kile kinachokata umeme mara kidole kinapotoka. Vitufe viwili kwa kila njia panda.

Hata hivyo kitufe kinaweza kukwama, na mtoto wa miaka mitano anaweza kukibana huku anacheka. Dawa yake ni kondansateri, na hii wamama mtaielewa kuliko mafundi. Mnajua robine inayotoa maji nyuzi nyuzi: huwezi kuosha kitu nayo, basi unaweka bidon, unangoja ijae, kisha unamwaga yote mara moja. Kondansateri ni bidon ya umeme. Tunaijaza polepole kupitia taa ndogo, ambayo ndiyo robine yetu nyembamba, na kitufe kinaimwaga yote ndani ya bobini: "tak!" Yule mwenye kuendelea kubana kitufe anapata umeme mdogo tu unaopita kwenye taa, ambao hauwezi kuchoma bobini upesi. Na uzuri wake ni huu: kitufe kikikwama, taa inabaki inawaka. Mama aliye jikoni anaona taa, anajua kuna mtoto anayebana ao kitufe kilichoharibika.

Namna ya kufunga ni hii. Kutoka mlango mmoja wa transfo wa volti 16, waya unapita kwenye diodi moja, kwa sababu umeme wa transfo unakwenda na kurudi na bidon yetu inataka unaokwenda upande mmoja. Mstari uliochorwa kwenye diodi uelekee kondansateri. Kisha waya unapita kwenye taa ya lori ya volti 24 na wati 5, na kutoka taa unafika kwenye mguu wa chanya wa kondansateri. Mlango wa pili wa transfo unakwenda moja kwa moja kwenye mguu wa hasi. Kutoka chanya unatoka waya kwenda kwenye vitufe vyote, na kutoka kila kitufe waya mmoja kwenda kwenye bobini yake. Nyaya zote za pamoja za njia panda zinarudi kwenye hasi. Kondansateri moja inatosha njia panda zote, mradi mtu abonyeze moja, angoje sekunde moja ao mbili, ndipo abonyeze nyingine.

Kondansateri iwe ya mikrofaradi 4 700 na iandikwe volti 35 ao zaidi. Ile iliyoandikwa 16 isitumiwe, kwani transfo ya volti 16 kisha diodi inaijaza mpaka karibu 22. Mafundi wa radio wanazitoa katika amplifikateri zilizokufa. Mguu wa hasi uko upande wenye mstari. Ukigeuza miguu, kondansateri inapashwa moto na inaweza kupasuka usoni mwa mtoto.

Ninakuja kwenye transfo, na hapa naomba msome polepole, hata mliokwisha kuchoka na omu na volti.

Kwanza angalieni maandishi yake. Ya Ulaya imeandikwa 220 ao 230, hiyo inafaa kwetu. Sanduku likitoka Marekani, transfo imeandikwa 120, nayo isiguse ukuta wetu kamwe. Ikiwa kamba yake imepasuka, ao ni ya zamani yenye kitambaa, ao kifuniko kina ufa, nyumba haiihitaji. Watoto wasiifungue ndani kwa sababu yoyote.

La pili wengi hawalijui, na ndilo linaloua. Mtoto mwenye transfo mbili anafikiri: nikiziunganisha, treni itapata nguvu zaidi. Anafunga nyaya za kutokea za moja na nyaya za kutokea za nyingine. Yote yanaonekana salama, volti 16 tu. Kisha anachomoa moja kutoka ukutani. Lakini transfo inafanya kazi pande zote mbili: kama inavyoshusha 220 kuwa 16, ndivyo inavyopandisha 16 kuwa 220. Transfo iliyobaki ukutani inailisha ile iliyochomolewa kwa mgongo, na pini zake mbili za shaba, zilizo mkononi mwa mtoto, zina umeme kama wa ukutani. Amechomoa, anaamini amejikinga, na ni wakati huo anashika kifo. Basi, nyumba yenye transfo mbili: moja ya treni, moja ya njia panda, na nyaya zao za kutokea zisikutane popote. Mimi ningependa zaidi moja tu iwe mezani na nyingine ifungiwe kabatini.

Walio na betri ya jua ya volti 12 wanaweza kuitumia kwa njia panda, na nyumba nyingi zetu zitapenda hivyo siku umeme wa ukutani unapokatwa. Diodi haihitajiwi, taa iwe ya pikipiki ya volti 12, na kondansateri ziwe mbili bega kwa bega, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa kuwa volti ni chache. Lakini betri haina huruma: nyaya zake zikigusana inatoa umeme wa kuyeyusha waya. Fuzi ya ampere 1 iwekwe karibu kabisa na mguu wa chanya wa betri, kabla ya kitu kingine chochote. Wala isiwe ile fuzi ya mafundi wa haraka, ya karatasi ya sigara.

Kuna pia mota za aina nyingine, zinazosogeza ndimi polepole na zinazoweza kubaki na umeme siku nzima bila kuungua, kama ile ya Marekani inayoitwa Tortoise. Hizo ni za watu wazima wenye fedha. Sijaona sanduku la kutumwa lenye hizo.

Sasa juu ya binti. Kaka zake walishika nyaya wakachoma. Yeye alisema mapema kwamba linatengenezeka, na bado ndiye anayekatazwa kugusa. Kwangu huo si utaratibu wa nyumba. Msichana aliyelipiwa shule ya umeme, kisha akakatazwa waya wa volti 16 nyumbani, atafika mbele ya mwajiri na vidole visivyojua kitu. Apewe kipimo, apewe meza, na kaka zake wamshikie taa. Tena bobini iliyoungua asiitupe: kuifungua na kuhesabu mizunguko ya shaba, halafu kuizungusha upya kwa waya wa unene uleule, ni zoezi ambalo walimu wengi wangetamani kuwapa wanafunzi wao kama wangekuwa na vifaa.

Afunge njia panda moja kwanza juu ya ubao, bila treni, aibonyeze mara hamsini, aguse kisanduku kwa kidole. Kikiwa vuguvugu, sawa. Kikichoma, atafute kosa kabla ya kufunga ya pili. Ndipo apange reli kama Tenke, apake kitufe kimoja rangi ya kijani na kingine nyekundu, na juu yake aandike kwa mkono wake: Kamina, Kolwezi.