Eagles walikuwa na nakala, kisha wakampata Fangio mwenyewe: Je, ukuta ungesimama?

Usiku wa Januari 15, 2024, David Moore wa Tampa Bay Buccaneers alipokea pasi fupi, ya kawaida kabisa. Walinzi wa Philadelphia Eagles walikuwepo pale pale. Wakamkosa. Moore akakimbia mpaka mwisho wa uwanja, yadi 44, tachidauni.

Mechi iliisha 32-9 na msimu wa Eagles ukafia hapo.

Ijumaa ya Septemba 6, 2024, walianza upya dhidi ya Green Bay Packers mjini São Paulo, Brazil, kwenye uwanja wa klabu ya soka ya Corinthians. Ilikuwa mechi ya kwanza ya NFL kuchezwa Amerika Kusini. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa na robo usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo kahawa ilihitajika mapema.

Mtu wa kumtazama hakuvaa jezi. Alikuwa Vic Fangio, mzee wa miaka 66 wakati huo, mratibu mpya wa ulinzi wa Eagles.

Kama wewe ni mgeni kwenye futiboli ya Kimarekani: kocha mkuu hafanyi kila kitu. Timu inaposhambuliwa, mratibu wa ulinzi ndiye anayeamua kabla ya kila mchezo walinzi 11 wasimame wapi, nani amkimbilie kwotabeki na nani abaki nyuma. Ukimbadilisha huyo, umebadilisha kazi ya nusu ya timu.

Waliporomoka vipi?

Msimu wa 2022 Eagles walishinda mechi 14 na kupoteza 3. Waliwaangusha makwotabeki wa timu pinzani mara 70, mbili tu pungufu ya rekodi ya Chicago Bears ya 1984. Walifika Super Bowl, wakafungwa 38-35 na Kansas City Chiefs.

Mratibu wao wa wakati huo, Jonathan Gannon, akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Arizona. Akaja Sean Desai. Mwanzoni mambo yalikuwa safi: ushindi 10, kipigo kimoja. Halafu ghafla, giza. Katika mechi saba za mwisho, ukihesabu na ile ya Tampa, walipoteza sita.

Desemba 2023, kocha mkuu Nick Sirianni alimnyang'anya Desai jukumu la kupanga ulinzi na kumpa Matt Patricia. Haikusaidia. Eagles walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wamefungwa pointi 428, zaidi ya 25 kwa mechi. Kati ya timu 32 za ligi, ni mbili tu zilizofungwa zaidi.

Mfumo wa Fangio ni upi?

Kwa lugha rahisi: funga mlango wa nyuma kwanza.

Fangio huanza karibu kila mchezo akiwa na walinzi wawili wa mwisho waliosimama mbali, mmoja kushoto, mwingine kulia. Kwotabeki akiangalia, picha ni ile ile kila mara. Mpira ukishaanza kuchezwa ndipo wanahama: mmoja anashuka, mwingine anabaki, au wote wanabaki. Kwotabeki anapaswa kusoma upya kila kitu huku watu wa kilo 140 wanamjia.

Pia hapendi kutuma walinzi wa ziada kumshambulia kwotabeki. Anatuma wanne, saba wanabaki kulinda nafasi. Shabiki wa soka anaweza kusema huku ni kupaki basi, lakini siyo hivyo hasa. Anachokataa ni pasi ndefu ya kuua. Ile fupi anakuachia, kwa hesabu kwamba utahitaji michezo 10 au 12 kufika mwisho, na mahali fulani njiani utakosea.

Hesabu hiyo ina sharti moja: ukiachia pasi fupi, lazima umwangushe anayeipokea pale pale. Rudi kwenye ile ya Moore. Pasi fupi, walinzi wapo, hakuna aliyemshika. Mfumo wowote wa aina hii hufia hapo.

Kwani si walikuwa nao tayari?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hawaangalii vizuri.

Desai alifanya kazi chini ya Fangio huko Chicago. Hata Gannon alitumia mawazo yanayofanana na hayo. Yaani Eagles hawakubadilisha falsafa. Miaka mitatu walikuwa wakitumia kitu cha familia moja, na 2024 wakamleta mwenye nyumba.

Mawazo haya yalisambaa ligi nzima baada ya 2018. Mwaka huo Fangio alikuwa Chicago, na Desemba ulinzi wake uliibana Los Angeles Rams, timu iliyokuwa ikitisha kila mtu kwa mashambulizi, hadi ikapata pointi 6 tu katika mechi ya 15-6. Kocha wa Rams, Sean McVay, hakununa. Miaka miwili baadaye alimchukua mwanafunzi wa Fangio, Brandon Staley, na Rams wakawa na ulinzi bora kuliko wote 2020.

Lakini Staley huyo huyo alienda na mfumo huo Los Angeles Chargers kama kocha mkuu, na Desemba 2023 alifukuzwa siku moja baada ya kufungwa 63-21 na Las Vegas Raiders.

Kwa hiyo mchoro peke yake haukulindi. Pale Rams, Staley alikuwa na Aaron Donald mbele na Jalen Ramsey nyuma. Ukiwa na watu kama hao, kutuma wanne tu kunatosha. Ukiwakosa, kwotabeki anapata muda wa kunywa chai.

Anachoweza kuongeza Fangio ni ufundishaji: nani ashuke, kwa hatua ngapi, afanye nini mpinzani akibadilisha mpangilio sekunde ya mwisho. Amefanya kazi hii NFL tangu miaka ya 1980. Si kwamba kila mtu anampenda. Alipoachana na Miami Dolphins Januari 2024 baada ya msimu mmoja, kuna wachezaji walioonyesha wazi mitandaoni kwamba hawakusikitika. Ni mwalimu mkali wa shule ya zamani, na mwalimu wa hivyo humfaa mwanafunzi anayetaka kufundishwa.

Tundu liko katikati

Mazungumzo mengi ya mashabiki yalikuwa kuhusu vijana wawili wapya, Quinyon Mitchell na Cooper DeJean. Inaeleweka. Eagles walitumia nafasi zao mbili za kwanza za drafti kuwachukua, na walinzi wa pembeni wa msimu wa 2023, Darius Slay na James Bradberry, wote walikuwa wamevuka miaka 30.

Mimi niliangalia kwingine. Ukiwaweka walinzi wawili mbali nyuma, unabaki na watu wachache mbele. Mpinzani akiona hivyo, anaacha kurusha na anakimbia na mpira katikati. Wanaobeba mzigo huo ni wale wakubwa wa mstari wa mbele, pamoja na malainibeka, wale wanaosimama nyuma yao.

Mbele, Eagles walikuwa na Jalen Carter na Jordan Davis. Fletcher Cox alikuwa amestaafu, Haason Reddick alikuwa ameuzwa New York Jets, lakini vipaji vilikuwepo. Wakamwongeza Bryce Huff kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 51.

Kwa lainibeka pesa haikwenda. Nakobe Dean alipotea sehemu kubwa ya msimu wa 2023 kwa majeraha. Mwenzake mpya alikuwa Zack Baun, aliyetoka New Orleans kwa mkataba wa mwaka mmoja tu. Kule Baun alitumika sana pembeni, kumkimbilia kwotabeki. Fangio alimhamishia katikati, mahali ambapo kila kosa linaonekana.

Huo ndio ulikuwa mkasa wenyewe. Eagles walilipa mbele, waliwekeza kwa vijana nyuma, na katikati waliweka imani kwamba mzee angemfanya mtu wa mkataba wa mwaka mmoja awe nguzo. Ingefaulu, tungesema Fangio ni fundi. Ingeshindikana, tungeuliza kwa nini hawakununua lainibeka.

Sirianni naye hakuwa na pa kujificha. Baada ya anguko la Januari watu wengi walidhani kibarua chake kimekwisha. Alibakizwa, lakini waratibu wote wawili walikuwa wapya: Fangio kwa ulinzi, Kellen Moore kwa mashambulizi. Yangeharibika tena, asingebaki msaidizi wa kulaumiwa.

Mambo matatu ya kuangalia usiku ule

1. Mbio za Josh Jacobs. Packers walimchukua kutoka Raiders, na alikuwa mkimbiaji mgumu. Angepata yadi tano tano katikati, Fangio angelazimika kumshusha mlinzi mmoja wa nyuma, na mlango ungebaki wazi kwa Jordan Love kurusha mbali.

2. Wanne wa mbele. Sekunde ambazo Love angepata kabla ya kubanwa. Carter na wenzake wangefika bila kusaidiwa, mfumo ungepumua.

3. Mtu wa kwanza. Packers wangekamilisha pasi fupi, mpokeaji angeanguka pale pale, au angekimbia kama Moore?

La tatu ndilo nililotaka kulitazama zaidi. Mechi moja haitoshi kuhukumu. Mfumo huu huchukua wiki kadhaa kuingia miguuni, na vijana wale wangefungwa mara kadhaa kabla ya kujua pa kusimama. Kwa hiyo haingekuwa ajabu Packers kupata pointi 25 na zaidi usiku huo.

Ila kukaba hakuhitaji wiki kadhaa. Kama Januari ilikuwa tatizo la mchoro, Fangio ndiye angekuwa dawa. Kama lilikuwa tatizo la watu waliokata tamaa, basi angeingia São Paulo na ramani nzuri sana mkononi, na bado angehitaji watu wa kumfuata.