Baada ya upasuaji wa tezi dume: nani atadhibiti mkojo, na lini?

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania, Uganda na Kenya. Mwezi Aprili 2024, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la The Lancet lilikadiria kuwa wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, huku nchi za kipato cha chini na cha kati zikibeba sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Kadiri vipimo na upasuaji vinavyoenea katika ukanda huu, ndivyo wanaume wengi zaidi watakavyokabiliwa na swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: tezi ikishaondolewa, mkojo utazuilika?

Swali hilo si dogo. Kwa mzee anayesafiri kutwa kwa basi, anayetunza udhu wake au anayelala chumba kimoja na wajukuu, mkojo unaovuja hugusa kazi, ibada na heshima.

Kwa kawaida mkojo huzuiwa na misuli miwili: mmoja kwenye shingo ya kibofu, na mwingine chini ya tezi, ukiuzunguka mrija wa mkojo. Tezi nzima inapoondolewa, msuli wa juu huathirika na mzigo hubaki kwa ule wa chini. Ndiyo maana wagonjwa wengi huvuja mara mpira wa mkojo unapotolewa. Nafuu huja polepole, na yaweza kuendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Hali hiyo ni tofauti na upasuaji wa tezi iliyovimba bila saratani, ambapo sehemu ya ndani tu huondolewa na hatari ya kuvuja kwa kudumu huwa ndogo zaidi.

Takwimu zinazotegemewa sana zimetoka Uingereza. Utafiti uitwao ProtecT uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa mapema. Miezi sita baada ya mgawanyo huo, asilimia 46 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wakitumia pedi. Baada ya miaka sita, asilimia 17. Miongoni mwa waliopangiwa kufuatiliwa tu, viwango vilikuwa asilimia 4 na 8.

Hata hivyo, wastani haumwambii mgonjwa mmoja mmoja hatima yake. Umri mkubwa, unene uliokithiri na matatizo ya mkojo yaliyokuwepo kabla ya upasuaji huashiria nafuu ya kuchelewa. Kipimo cha MRI huonyesha urefu wa kipande cha mrija kilicho chini ya tezi. Kinapokuwa kirefu, nafuu huelekea kuja mapema. Uzoefu wa daktari na kunusurika kwa mishipa ya fahamu iliyo kandokando ya tezi navyo vina uzito.

Mazoezi ya misuli ya nyonga hupendekezwa kila mahali, lakini hayatoi hakikisho. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusu wanaume waliokuwa bado wakivuja wiki sita baada ya upasuaji. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 76 ya waliofundishwa ana kwa ana na mtaalamu walikuwa bado wakivuja kwa kiasi fulani, dhidi ya asilimia 77 ya waliopata huduma ya kawaida.

Tofauti ya takwimu hizi yafichua jambo la msingi: jibu hutegemea maana ya neno “kupona”. Yuko anayemhesabu aliyepona kuwa ni yule asiyetoa hata tone, na yuko anayemhesabu pia anayevaa pedi moja kwa siku kwa tahadhari. Mgonjwa asiyeelezwa maana hiyo huenda akaahidiwa asichokipata.

Kwa ukanda huu kuna pengo jingine. Washiriki wa ProtecT walikuwa karibu wote weupe, na saratani yao iligunduliwa mapema. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea, upasuaji huo haufai tena, na MRI ni ghali au iko mbali. Kuwapa utabiri wa Uingereza kama ulivyo ni kuwapima kwa kipimo cha wengine.

Dawa ya pengo hilo haihitaji mitambo mikubwa. Umri, uzito na hali ya mkojo kabla ya upasuaji huandikwa kwa kalamu. Idadi ya pedi kwa siku baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili huulizwa hata kwa simu. Hospitali itakayotunza daftari hilo itaweza kumjibu mgonjwa kwa hesabu ya wenzake waliolazwa wodi ileile. Hadi hapo, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake, kabla ya kutia sahihi: umewapasua wangapi, na wangapi kati yao hawavai pedi leo?