Muziki wa Mitambo: Utulivu Ndiyo, Uponyaji La

Upo muziki usio na ngoma ya kuchezesha wala maneno ya kuimbwa. Sauti zake huzaliwa katika mitambo ya elektroniki, huingia polepole, huelea kwa muda mrefu, kisha hufifia. Wapenzi wake huuita ambienti au muziki wa Zama Mpya, na siku hizi mwanafunzi anayejisomea usiku huupata kwa urahisi katika simu. Pamoja nao huja matangazo: kwamba sauti ya hezi 432 hulingana na maumbile ya ulimwengu, na kwamba ile ya hezi 528 huponya mwili. Muziki wenyewe unastahili heshima, na hata nafasi katika somo la fizikia. Matangazo hayo yanastahili kupimwa, na hakuna mahali pafaapo zaidi kwa kazi hiyo kuliko darasani.

Fikra ya muziki usiomlazimisha msikilizaji ni kongwe kuliko mitambo hiyo. Mnamo mwaka 1917 Mfaransa Erik Satie alitunga vipande alivyoviita “muziki wa samani”, yaani wa kuwapo chumbani kama kiti au meza. Mwaka 1964 Robert Moog wa Marekani alionyesha hadharani ala yake ya kuunda sauti kwa umeme, yaani sinthesaiza. Kisha zikafuata santuri zilizojulikana duniani: Phaedra ya kundi la Kijerumani Tangerine Dream mwaka 1974, Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre mwaka 1976, na Music for Airports ya Mwingereza Brian Eno mwaka 1978.

Utendaji wa ala hiyo hauna muujiza. Kitetemeshi cha umeme huzalisha mawimbi. Chujio huondoa sehemu ya mawimbi hayo na kuifanya sauti iwe kali au laini. Kikuza sauti huamua ipande na kushuka kwa kasi gani. Katika ala za Moog, kuongeza volti moja huipandisha sauti kwa oktava moja: hezi 110 huwa 220, na 220 huwa 440. Ulaini wa ambienti hutokana kwa sehemu kubwa na marekebisho ya kikuza sauti. Mlio unaopanda kwa sekunde kadhaa haumshtui mtu kama mlango unaobamizwa.

Hata hesabu imo. Katika santuri yake ya mwaka 1978 Eno alitumia vipande vya utepe vilivyounganishwa ncha kwa ncha ili vijirudie, kila kimoja kwa urefu wake. Ichukuliwe kwamba utepe mmoja hujirudia kila baada ya sekunde 20 na mwingine kila baada ya sekunde 21. Zikianza pamoja, zitakutana tena baada ya sekunde 420, yaani dakika 7. Ukiongezwa utepe wa tatu wa sekunde 23, zote hazitakutana mpaka zipite sekunde 9,660, ambazo ni saa 2 na dakika 41. Hapo kigawe kidogo cha shirika, ambacho wanafunzi wengi hukiona kikavu, huwa chanzo cha muziki usiochosha.

Sasa yatazamwe madai. Hezi ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Lakini sekunde ni kipimo kilichowekwa na wanadamu, walioigawa siku katika sehemu 86,400. Tangu mwaka 1967 hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi. Laiti siku ingaligawanywa katika sehemu 100,000, sauti ile ile ingalikuwa na namba nyingine kabisa. Basi siri ya ulimwengu itakaaje ndani ya namba 432? Aidha, hezi 440 zenyewe ni mapatano tu, yaliyofikiwa London mwaka 1939 ili wanamuziki wasawazishe ala zao. Amadinda ya Waganda hufuata mpangilio mwingine wa sauti, wala wasikilizaji wake hawajapungukiwa na kitu.

Dai la 528 ni dhaifu zaidi. Husemwa kwamba ni siri ya kale ya watawa wa Ulaya, ilhali katika karne ya 11, enzi ya Guido wa Arezzo aliyezipa noti majina, hakukuwa na chombo cha kuhesabu mitetemo kwa sekunde. Hata uma wa kupimia sauti ulibuniwa mwaka 1711.

Haifai, hata hivyo, kukanusha kila kitu. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kwamba kusikiliza muziki huweza kupunguza wasiwasi wa wagonjwa wanaongojea kupasuliwa. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mipaka: wasiwasi hupungua, na upasuaji bado hufanywa. Yupo atakayeuliza, mtu akipata faraja pana hasara gani? Hasara hutokea pale mwenye malaria au shinikizo la damu anapoacha dawa kwa kuamini sauti.

Mwalimu hahitaji maabara ya fahari kulipima jambo hili. Achague kipande kimoja cha muziki, na kwa programu ya kompyuta atengeneze nakala mbili, moja kwa msingi wa 440 na nyingine 432, mwendo ukiwa ule ule. Tofauti yake haifiki theluthi ya nusutoni. Arushe sarafu kuamua ipi itangulie, wala asiwaambie wanafunzi. Kila mmoja ahesabu mapigo ya mshipa wake kwa dakika moja baada ya kila nakala, na jaribio lirudiwe siku kadhaa. Jedwali litakalopatikana litawafunza zaidi ya hotuba yoyote, kwa kuwa watakuwa wamejifunza kumwuliza muuzaji: umepimaje?

Muziki huu haupotezi chochote kwa swali hilo. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sauti nzuri haihitaji cheti cha uganga.